Soksi ya Upepo Inasemaje?

Mama muuza sambaza alipanda kwenye mizani yangu saa 8 kasorobo mchana, akashuka, akaburuta magunia yake mawili ya samaki wakavu na kuniambia nifanye haraka. "Papa, mvua inakuja." Siku ile kila mtu pale kwenye maegesho ya ndege alikuwa akisema hivyo. Upande wa magharibi, juu ya milima ya Masisi, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabega ya mlima, jeusi, lenye ukingo mweupe kwa chini. Abiria walitaka kuondoka kabla mvua haijafika. Wenye ndege walitaka hivyohivyo. Nami nilitaka hivyo, maana gunia likilowa inabidi lipimwe upya.

Ilikuwa Oktoba, katikati ya miaka ya 2010, katika uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa watu, masanduku, katoni za sabuni na magunia. Nilianza mwaka 2011, nikaacha mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na ndege za abiria zikakoma kuruka. Marubani waliniita Papa Mizani.

Ndege ya siku ile ilikuwa Cessna Caravan, ndege ndogo inayojulikana sana huku kwetu: injini moja mbele, bawa refu lililolala juu ya paa, matairi 3 yasiyokunjwa. Ikijaa kabisa haifiki tani 4. Ilikuwa inakwenda Walikale na abiria 8. Kampuni yake siitaji, wala haihitajiki katika ninayotaka kueleza. Uzito ulikuwa sawa; niliupima mwenyewe, nikaandika, rubani akatia saini.

Niliiona ikianza kukimbia kuelekea kusini, upande wa mji na ziwa. Upepo ulikuwa umekwisha kuanza kutoka Masisi, yaani kutoka kuliani kwake. Pua ikavutwa kulia kidogo, rubani akairudisha. Tairi la kulia likainuka peke yake, likashuka. Kisha ndege nzima ikaiacha ardhi, labda mita 3, ikaanza kuhama hewani kwenda kushoto kama mtumbwi uliokatika kamba. Na hapo upepo ukanyamaza ghafla. Ndege ikashuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Tairi la kushoto likagusa lami likiwa linasukumwa ubavuni, nikaona mguu wake ukijikunja chini ya tumbo, ncha ya bawa ikikwaruza, pangaboi likirusha nyasi na kokoto nyeusi. Vumbi lilipotulia, ndege ilikuwa nje ya lami, imeinama, inaelekea kule ilikotoka.

Hakufa mtu. Kijana mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Mama wa sambaza alitoka mlangoni na kiatu kimoja, akakaa chini kwenye mawe, akaanza kuhesabu watu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Alipofika wa mwisho akaanza upya. Mvua ilinyesha dakika chache baadaye, nzito, na upepo ukatulia kabisa.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Mvua tuliyoikimbia ilipofika haikuwa na upepo. Upepo ulikuwa umetangulia mbele yake, nasi tulikuwa tumeipeleka ndege ile katikati ya upepo huo kwa sababu tulikuwa na haraka.

Komanda mmoja mzee, rubani aliyekuwa amerusha ndege katika nchi nyingi, alinieleza baadaye tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha bawa. Ndani ya wingu la mvua ya radi, alisema, mvua inapoanza kuanguka huipoza hewa inayopita ndani yake. Hewa baridi ni nzito. Huporomoka pamoja na maji, hugonga ardhi, kisha hutawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa kwenye sakafu. Ukingo wa hewa hiyo hukimbia kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe. Mtu aliye chini huusikia kama ubaridi wa ghafla usoni, vumbi linainuka, mabati yanapiga kelele. Kwa mama anayeanua nguo, hiyo ni ishara ya kuingia ndani. Kwa rubani ni ishara ya kuzima injini.

"Papa Mizani," aliniambia, "mvua unaiona. Huyo anayeitangulia humwoni."

Upepo wenyewe si adui wa ndege. Hili abiria wengi hawalijui. Ndege hupenda upepo unaokuja usoni, kwa sababu bawa halijali mwendo wa matairi juu ya lami; linajali mwendo wa hewa inayopita juu yake. Upepo wa noti 15 ukivuma moja kwa moja kutoka mbele, ndege inakuwa na noti 15 za bure hata kabla breki hazijaachiwa. (Noti ni kipimo cha mabaharia na marubani, noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa.) Ndiyo maana viwanja hujengwa kufuata upepo uliozoeleka wa mahali. Njia ya Goma imelala karibu kaskazini hadi kusini. Kaskazini kuna Nyiragongo, mlima wenye moto, mita 3,470 kwenda juu. Kusini kuna mji na Ziwa Kivu. Mchana jua linapopasha nchi kavu, hewa hutoka ziwani kuja nchi kavu, nayo humpiga usoni yeyote anayeruka kwenda kusini. Siku nyingi mambo yalikwenda vizuri.

Shida huja upepo unapotoka ubavuni. Mabaharia wa pwani wana maneno yao: upande unakotoka upepo ni goshini, upande wa pili ni demani. Ndege ikiwa bado chini, upepo wa ubavuni hufanya mambo matatu kwa pamoja. Husukuma mkia, kwa kuwa mkia umesimama kama tanga dogo, hivyo pua hugeuka kuelekea goshini. Huingia chini ya bawa la goshini na kutaka kuliinua kabla ya lile jingine. Tena huisukuma ndege nzima kwenda demani. Rubani hupambana na yote hayo kwa mikono na miguu: usukani anauelekeza kule upepo unakotoka ili kulikandamiza bawa, mguu unakanyaga pedali ya upande wa pili ili pua ibaki katikati ya mstari. Kadiri mwendo unavyoongezeka, anapunguza kidogokidogo. Ukimtazama kwa nje unaona ndege inayonyooka tu. Ndani, mtu anatoka jasho.

Kwa hesabu, si upepo wote unaotoka pembeni ulio na nguvu sawa. Upepo wa noti 20 unaokuja kwa pembe ya digrii 30 kutoka mbele una noti 10 tu za ubavuni. Kwa digrii 45 ni 14. Ukikata mraba kabisa, zote 20 ni za ubavuni. Kitabu cha Caravan kinataja noti 20 za ubavuni, na komanda alinisihi nielewe maana yake: si mpaka ambao ndege huvunjika, bali ni upepo mkali zaidi ambao marubani wa kiwanda waliuonyesha katika majaribio. Walikuwa mafundi wa kazi hiyo, kwenye njia pana, na ndege mpya. Cessna 172 ya wanafunzi, iliyo ndogo zaidi, kitabu chake kinasema 15.

Lakini namba hizo zote zinauhesabu upepo kana kwamba umetulia. Upepo wa vishindo ni habari nyingine. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara 2, nguvu ni mara 4. Ukiwa mara 3, nguvu ni mara 9. Upepo wa noti 8 unaoruka ghafla hadi 24 unakuja na kishindo mara 9 ya kile rubani alichokuwa amekishika mkononi sekunde iliyopita. Ndege inayokimbia inaweza kunyanyuliwa na kishindo kabla haijawa tayari. Inaelea kwa nguvu ya kuazima, na kishindo kikiisha, deni linadaiwa papo hapo. Hicho ndicho nilichokiona Oktoba ile. Rubani mwenye subira, siku ya upepo kama huo, huibakiza ndege ardhini kwa makusudi hadi apate noti kadhaa za ziada, kisha huinyanyua mara moja, kwa uamuzi, bila kuiacha iguseguse. Ikiisha kuwa hewani, huigeuza pua kidogo goshini na kuiacha iende upandeupande, kama wapiga makasia wanaokwenda kisiwa cha Idjwi wanavyolenga upande wa upepo, si pale hasa wanapotaka kufika.

Sasa weka haya yote Goma. Uwanja wetu uko mita 1,552 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la digrii 25, hewa yake ni nyepesi kama ya mahali palipo zaidi ya mita 2,200. Rubani akiona noti 70 kwenye saa yake ya mwendo, matairi chini yanakimbia karibu noti 78. Kila kitu kinatokea haraka zaidi na kinahitaji lami ndefu zaidi, huku pangaboi likishika hewa pungufu.

Na lami tulinyang'anywa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikateremka katikati ya mji hadi ziwani, na njiani ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, karibu kilomita 1 kati ya 3. Kwa miaka mingi baadaye ndege zilianza safari zao zikiwa zimeupa mgongo ukuta wa mawe meusi. Novemba 2009 ndege kubwa aina ya MD-82 iliyotoka Kinshasa ilishindwa kusimama ilipotua ikaishia kwenye mawe hayo. Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hiyo lava ilisimama kabla ya kufika uwanjani, nasi tuliokimbilia Sake na Gisenyi tukarudi kukuta njia ingalipo. Watu wa Goma tunaijua hewa kwa namna ambayo wengine hawaijui. Tuna neno mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni, isiyoonekana wala kunusika, inayoua mbuzi na watoto usiku. Mtoto hapa hufundishwa mapema kwamba hewa inaweza kuua. Kwa nini basi tulipofika uwanjani tulisahau?

Upande wa kusini, lami inapoisha, inaanza Birere. Asiyeijua Birere afikirie maduka ya mabati yaliyobanana, mafundi cherehani, chukudu, zile skuta za mbao, zilizobeba viazi na mkaa, sokoni na nyumbani pakiwa mahali pamoja. Ndege ilipopaa kuelekea ziwani ilipita juu ya vichwa vyao. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora iliyokuwa ikielekea Kisangani na Kinshasa haikufanikiwa kupaa; ilivuka mwisho wa njia na kuingia katikati ya maduka. Walikufa watu karibu 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa watu waliokuwa dukani. Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi, Dornier 228 ya Busy Bee ikienda Beni na watu 19 ndani iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi tu baada ya kuruka. Waliokufa, wa juu na wa chini, walizidi 20. Siku ile sikuwa kazini. Nilisikia king'ora nikiwa njiani kutoka kanisani, na watu wote barabarani waligeuza nyuso upande mmoja.

Ajali hizo mbili sizitaji kwa ajili ya upepo. Nazitaja kwa sababu ya mahali zilipoangukia. Kinshasa waliyaona hayo kabla yetu, tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 ya mizigo iliposhindwa kupaa kutoka uwanja wa N'dolo ikaingia sokoni na kuua zaidi ya watu 200. Kwingine, ndege ndogo ikikosea kuruka hukuta shamba, majani, mtaro. Kwetu hukuta mawe ya lava pembeni na watu mbele. Kosa ambalo mahali pengine lingegharimu tairi, hapa lina bei nyingine, na kwa hiyo kila uamuzi wa kuruka kutoka Goma unapaswa kupimwa kwa bei hiyo.

Kuhusu upepo wenyewe, ushahidi ulio mchungu kuliko wote upo Kinshasa. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa yenye watu 33 ilifika uwanja wa N'djili wakati wa dhoruba, ikaacha kutua na kujaribu kupanda tena. Uchunguzi ulieleza kwamba ilikutana na hewa inayoporomoka kutoka wingu la mvua, ile ile ya ndoo iliyomwagwa. Alinusurika mtu 1. Ndugu zetu wa Tanzania nao wanaukumbuka mwezi wa Novemba 2022, ATR ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 walikufa 19, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Ndege hizo zote mbili zilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Caravan ya tani 4.

Watu huniuliza: kama ni hatari hivyo, mbona mlikuwa mnapanda? Wanaouliza hivyo hawajawahi kwenda Walikale kwa barabara. Kwa ndege ndogo safari hiyo ilikuwa chini ya saa 1. Kwa gari ni siku zisizohesabika, matope, vizuizi, na watu wenye bunduki wasiojulikana ni wa nani. Ndege hizi zilipeleka sabuni, dawa, mchele na mitumba, zikarudi na wagonjwa na magunia ya madini. Kule Kilambo, huko huko Walikale, zilitua juu ya barabara yenyewe, watu wakikaa pembeni kupisha. Mama anayesomesha watoto wanne kwa sambaza hana anasa ya kuogopa. Ndiyo sababu nataka watu wazijue ndege hizi vizuri badala ya kuambiwa waziogope.

Na la kujua liko wazi, linaning'inia kwenye mlingoti kando ya njia. Soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa wa rangi mbili, huonyesha upepo unakokwenda. Soksi nyingi hunyooka kabisa upepo unapofika karibu noti 15. Ikilala, upepo ni mdogo. Ikinyooka sambamba na njia, kuna upepo lakini umekaa vizuri. Ikinyooka kukata njia, ikaanguka, ikanyooka tena, ikageuka huku na huku, basi mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, ameshasoma habari yote. Siku ile ya Oktoba ilikuwa ikifanya hivyo mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tumeinamia magunia.

Nilichokiona mara nyingi zaidi ya ajali ni rubani akionewa. Amekaa ndani, anatazama soksi, anasema tusubiri. Baada ya dakika 10 abiria wanaanza kunung'unika. Baada ya 20 kuna mkubwa mmoja anayepiga simu kwa wenye kampuni. Baada ya nusu saa mtu anauliza kwa sauti kama komanda ni mwoga. Vijana wanaotafuta saa za kuruka ili waajiriwe na kampuni kubwa huyasikia maneno hayo, na wengine huwasha injini. Yule komanda mzee hakuwa akibishana. Alizima injini, akashuka, akavuta kiti cha plastiki hadi karibu na mizani yangu na kukaa akiangalia magharibi, mikono magotini. Mara moja tulikaa hivyo saa 1 na dakika 20. Mkubwa mmoja alimjia akifoka kwamba ana mkutano. Komanda akamsogezea kiti cha pili. "Keti, mkubwa. Huu upepo hauna nauli ya kurudi, utapita tu." Wakakaa wawili. Upepo ulipita.

Mama wa sambaza sikumwona kwa wiki tatu. Nilidhani ameacha. Asubuhi moja, saa 2 hivi, akatokea na magunia yake mawili na viatu vipya vya kamba, vya kufunga kabisa. Hakuniambia nifanye haraka. Alisimama mbele ya mizani bila kupanda.

"Papa, soksi inasemaje?"

Niligeuka nikaitazama. Ilikuwa imelala kwenye mlingoti, haitikisiki.

"Panda, mama," nikamwambia. Akapanda. Nikaandika: 68.